Kisanduku cha Nne

Fomu ina visanduku vinne na mstari wa sahihi.

Cha kwanza: jina la mlezi.
Zahanati waliandika Maria.
Nimemwita Maria mara tatu, hajageuka,
anapepeta uwele, makapi yanatua kwenye viatu vyangu.
Jina lake linaanza na kidoko,
ulimi unabanduka kwenye kaakaa
kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini.
Herufi hiyo serikali haina.
Mimi Mgogo wa Mvumi, miaka mitatu ya chuo,
nami sina.

Cha pili: uhusiano na mtoto.
Mwajabu, Mrangi muuza chumvi, ndiye mkalimani wangu.
Bibi husema hadi kivuli kihame,
Mwajabu hugeuka: "Anasema ndiyo."

Cha tatu: aina ya tatizo. *Weka alama moja tu.*
Nilitoka Chemba alama nikiwa nayo mfukoni:
Yeremia, miaka tisa, hayupo shuleni,
anachunga ndama za Gidamuhale, Mbarbaig wa ng'ambo ya korongo,
na mkono wake wa kushoto una kovu la moto.
Lakini kila alfajiri kibuyu cha maziwa
huvuka korongo kuja kwa bibi.
Ni ujira? Ni undugu?
Nilimuuliza Gidamuhale. Akaniuliza,
"Kwenu huko, ni vitu viwili?"

Safari ya tatu niliacha pikipiki kanisani.
Nilitembea Farkwa nzima nikijifunza kidoko,
mbuzi wakinishangaa.
Nikafika, nikamwita.
Aligeuka. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.
"Umemwita kiroboto," Mwajabu akasema,
"ila amefurahi."
Akanipa ungo. Nilipepeta vibaya,
nusu ya chakula chao nikawapa kuku.
Kalamu ilibaki ndani ya mkoba.

Jua lilipopungua ukali mtoto alikuja,
akakaa kulia kwangu,
mkono wenye kovu ukinigusa.
Kwa Kiswahili safi, ambacho hakuna aliyeniambia anakijua:
"Utakuja tena, au utaandika tu?"

Kisanduku cha nne: hatua zilizochukuliwa.
Niliandika: *Nimekaa.*

Mkuu wangu ameirudisha, wino mwekundu:
*Fafanua.*

Jumatatu naenda Farkwa.
Nimenunua kilo mbili za uwele, kufidia wa kuku.
Kuhusu mkono, bado sijauliza.