Kikombe cha Tatu

Jumatatu saa mbili, Mbale,
Mukhwana huingia kikaoni kabla ya mwili wake:
kicheko kwanza, kisha tumbo, kisha Mukhwana.
Mimi hukaa karibu na mlango,
daftari gotini, kalamu iliyopoteza kifuniko.

"Nandutu, na wewe wasemaje?"
Meneja Wopata huuliza kama anayebisha hodi
kwenye nyumba anayoamini haina mtu.
Maneno yangu yapo. Yako njiani.
Hufika saa nne na robo, nikiwa ngazini,
yamevaa vizuri, yamejipanga,
na kikao kimekwisha.

Ripoti yangu ya mwaka: kazi, safi. Usahihi, safi.
Uchangamfu, mbili kwa kumi.
Shangazi akanifariji kwa methali,
kimya kingi kina mshindo mkuu.
Lakini shangazi, mimi sitaki mshindo.
Nataka kahawa iandikwe ilivyo.

Maana kazi yangu ni kuonja.
Nyuma ya ghala, kwenye meza ya vikombe vitano vitano,
ndipo mahali pekee ninapopiga kelele:
kijiko mdomoni, fyuuu! hewa na kahawa pamoja,
hata mchukuzi mgeni akachungulia siku moja
akidhani kuna paka amenaswa.
Naonja Sironko, naonja Bududa,
natema, naandika.
Ulimi wangu hauna haya.

Mwezi wa kumi na moja, magunia mia tatu na ishirini,
lori la Mombasa limeshaegeshwa uani,
Mukhwana ameshaahidi kwa simu, kwa sauti, kwa kiapo.
Kikombe cha kwanza, ndimu.
Cha pili, ndimu na sukari guru.
Cha tatu, gunia bichi,
udongo wa chini ya kitanda.
Nikarudia. Nikasuuza kinywa, nikarudia tena.

Sikuinua mkono kikaoni.
Nilibeba sinia
nikaiweka juu ya makaratasi ya meneja,
kijiko kimoja kwake, kimoja kwa Mukhwana.
Cha kwanza. Cha pili.
Kwenye cha tatu Wopata alifumba macho,
na Mukhwana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue,
hakuwa na neno.
Alikuwa anatafuta pa kutemea.

Lori lilingoja siku tisa.
Magunia arobaini na moja yakatolewa.
Hakuna aliyenipigia makofi, nashukuru.

Waliponikabidhi chumba cha kuonja nikiongoze
niliomba jambo moja, kwa barua:
ajenda ya Jumatatu niipate Ijumaa.
Basi maneno yangu sasa yana siku mbili za kusafiri,
yanafika na ya wenzangu.
Nasema sentensi tatu, nafunga daftari.

Mukhwana bado huingia kabla ya mwili wake.
Nimempenda, kusema kweli. Wanunuzi wakija
yeye huwapokea, huwauliza habari za watoto
na mvua za kwao,
nami nasubiri na vijiko.
Yeye mdomo, mimi ulimi.

Saa saba nakula peke yangu nyuma ya ghala,
matoke na malewa ya jana,
nikiutazama Wanale na maporomoko yake
ambayo, kutoka hapa,
hayasikiki kabisa.
Usinihurumie.
Nisogezee chumvi, kisha uende.