Hapa Palikuwa Maji

Tuanze soko la samaki, Thuwaiba,
saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijatugundua.
Ukishuka garini miwani yako itaingia ukungu.
Usiifute. Ngoja. Mji huu hujionyesha wenyewe.

Yule anayempasua jodari kama afunguaye kabati la mtu
ni Khalfani wa jirani. Alisomesha hesabu miaka thelathini,
akastaafu, akasema namba hazina harufu.
Kiarabu chako cha kitabuni kiweke mkobani.
Muulize bei kwa Kiswahili: atacheka, atapunguza baisa mia mbili,
kisha atakuchunguza: wa Unguja, wa Bara, au wa Bujumbura?
Jibu lako ndilo rafu utakayowekwa
mpaka siku ya kufa.

Haya, shika upande wa ukuta, kivuli kimebaki chembe.
Njia hii pana, vigae vyake, taa zake zenye vilemba vya dhahabu,
palikuwa maji.
Nakwambia palikuwa maji!
Bibi yako aliposhuka hapa, mwaka wa sabini na mbili,
mimi nimemshika pindo, yeye ameshika sanduku moja,
bahari ilikuwa inagonga vizingiti vya nyumba hizi nyeupe.
Forodhani wakamuuliza: humo mna nini?
Akasema: nguo, na mbuzi.
Mkalimani akatafsiri neno kwa neno.
Wakapekua sanduku zima wakimtafuta mnyama,
wakakuta kigoda na ulimi wa chuma wa kukunia nazi,
na katika mji mzima
hapakuwa na nazi ya kukuna.

Baadaye wakaleta mawe, wakaleta kifusi,
wakaiomba bahari isogee kidogo, kama mtu kwenye mkeka.
Ikasogea.
Lakini kila kimbunga inarudi kuulizia nafasi yake,
inaingia mpaka sokoni, inabeba viatu vya watu.

Lango lile ni Sur Lawatia. Hatuingii.
Nina zaidi ya miaka hamsini napita mbele yake, sijaingia.
Mle mna watu wanakunywa chai, wanagombeza watoto.
Si kila mlango ni wa kuonyeshwa mgeni.

Umechoka? Ndala hizo nilikukataza.
Kaa kwenye benchi hili, tazama juu, pale Riyam:
chetezo cheupe, kikubwa kuliko nyumba yenu ya Buyenzi.
Watalii hukipiga picha kuanzia melini.
Bibi yako alikitazama siku ya kwanza, akanusa, akanusa tena,
akasema, chetezo kisicho na kaa
ni mwenyeji anayekuuliza kama umeshakula.

Kutoka hapa tuchukue teksi, magoti yangu yana umri wao.

Hii sasa ndiyo Maskati yenyewe. Ngome huku, ngome kule,
katikati maji yaliyobanwa kama kauli kooni.
Ngome utazisoma popote. Mimi nakuonyesha majabali.
Unaona maandishi? Ni majina ya meli.
Mabaharia walikuwa wakipanda na ndoo za rangi,
kila meli iliyotia nanga ikaacha jina lake.
Ami yangu Mbaruku aliandika moja, enzi za ujana wake,
anabembea kwenye kamba, herufi za kizungu hazijui,
N akaipiga kinyume.
Nahodha akamkata mshahara wa siku tatu.
Ile N ndiyo maandishi pekee aliyoacha duniani.

Mvua chache, jua jingi. Rangi imekuwa mwamba.
Nikuambie ukweli, Thuwaiba, mwana wa kaka yangu,
wewe uliyekulia kwenye maji ya kunywa, yasiyo chumvi:
nimewaleta hapa wageni kumi na mmoja,
na kila mmoja nimemwonyesha mahali tofauti.

Umenyoosha kidole. Unauliza, ni ile?
Pale, chini ya ule ufa, panapokaa ndege?

Nimevua miwani. Nimefuta.
Ndiyo, mwanangu.
Ni ile.