Faranga Moja Iliyopungua

Karatasi ilitoka kampuni mwezi wa nane,
muhuri umelala upande kama kofia ya mlevi:
Marehemu Kisimba Mwila, tanuru la pili.
Anadai: faranga 510510.

Miaka ishirini na mitatu tuliingoja.
Dada Mujinga akacheka kwa pua:
"Hii haifikishi hata kaburi."
Mimi nafundisha hesabu pale Katuba.
Sikuona pesa. Niliona namba
imekaa mezani kando ya bukari,
nikaanza kuipapasa kama mnunuzi
anayetafuta kiazi bovu ndani ya kilo.

Wajane wawili: inagawanyika.
Watatu, tukimtaja yule wa Kipushi: inagawanyika.
Watano walionyonya kwa Mama Monga,
saba wa mama yangu, Kyungu na Kabange pacha wakiwemo,
wajukuu kumi na mmoja wa Ruashi,
kumi na watatu wa Kenya,
kumi na saba, wale tu waliolala matangani:
inakubali, inakubali, haiachi baki.
Tasa saba za kwanza, kila moja mara moja,
hakuna aliyepita mlangoni mara mbili.

Vigawanyo mia moja ishirini na nane!
Nikavijumlisha, yenyewe nikaiweka kando;
watoto wakamshinda mzazi mara mbili na zaidi.
Namba ya namna hiyo huitwa tele.
Baba alikufa anadaiwa sabuni.

Nikamwambia Mujinga: mia saba kumi na nne
na mia saba kumi na tano, majirani wa ukuta mmoja,
wakizidishana ndiyo hii.
"Majirani," akasema, "wanatudai makala."

(Keshia alibaki na ile kumi ya mwisho,
noti yake haionekani tena. Nikamwachia.
Namba haipungui kwa kuibiwa.)

Jumamosi akabisha kijana kutoka Likasi,
Numbi, paji la baba usoni,
ameshika mkono wa mdogo wake.
Kumi na saba na wawili.
Nikagawanya kwa kumi na tisa, nikarudia nyuma ya bahasha:
baki kumi na nane.
Imepungua moja. Faranga moja,
ambayo hata mtoto haiinamii njiani.

"Si uongeze?" akasema Kabange.
Nikaongeza. Kumi na tisa ikaingia sawasawa,
lakini wale saba wote wakatoka nje,
mbili, tatu, tano, hadi kumi na saba,
kila mmoja ameshika moja mkononi,
hajui pa kuiweka.
Nikafuta.

Tulinunua saruji. Numbi ndiye aliyeikoroga,
bila kuulizwa, suruali ameikunja hadi gotini.
Kabla haijakauka niliandika kwa kijiti,
si tarehe, maana tarehe tulizibishania,
bali 510510.
Na yule mdogo, hakuna aliyemwona anachuchumaa,
akapitisha kidole chake kwenye sifuri ya mwisho,
moja kwa moja, juu hadi chini.