Shimo la Mwingine

Ngiri hachimbi.
Hutafuta shimo lililochimbwa na mwingine,
akaingia kinyumenyume, pembe zikibaki mlangoni.
Pengine ndiyo maana maradhi haya yalipewa jina lake.

Felismina Prada, miaka sabini na tisa,
mvuna lozi wa vilima vya Freixo,
siku tisa alikificha chini ya aproni
kivimbe kigumu kama lozi bichi.
Wahenga wana neno kali kwa mficha maradhi.
Ila yeye hakuficha maradhi, alificha kinena,
na kinena cha mjane hakina wa kukitazama.

Daktari wa zamu, kijana, akabonyeza: "Mtoki."
Akasaka kidonda mguuni, kisiginoni, kati ya vidole.
Hakuna. Nyayo safi, za mtu aliyejiandaa kuvuliwa viatu.
"Basi ni utumbo, umenaswa."
Lakini hatapiki. Choo anapata.
Asubuhi kanywa supu, akalalamikia chumvi.

Kazi yangu ni kupaka jeli baridi na kuomba radhi.
Nimeyaona mengi katika vifuko hivi:
kibofu cha seremala Baltasar,
aliyekojoa mara mbili mbili miaka sita,
ya pili kwa kujikamua nyonga,
akidhani ndio uzee;
kifuko cha mayai cha kichanga wa wiki tano,
punje ya dengu, na ndani yake
wajukuu ambao hawajaulizwa.

Kwa Felismina niliona mrija.
Mwembamba. Mwisho wake umezibwa.
Utumbo hucheza hata ukiwa taabani;
huu ulitulia tu, kama anayesikiliza.
Niliufuata juu hadi ukazama gizani,
nikaandika, mkono ukisita:
kidole tumbo, na alama ya kuuliza.

Daktari Morgado alisoma, akacheka puani.
Saa nane usiku alipiga simu kutoka chumba cha upasuaji.
Hakucheka.
"Njoo ukifute kiulizo chako."

Kilikuwa chekundu, ncha imevimba,
kimekabwa shingo na tundu lisilopitisha penseli.
Kiungo tunachokiita cha bure
kilikuwa kimehama kwao bila kuaga
na kubisha hodi pajani.

Alipozinduka tulimweleza.
"Ni changu?"
Ni chako, bibi.
"Basi kilikuwa kinatafuta nini huko?"

Fomu yangu haina kisanduku cha swali hilo.
Nikamrudishia aproni yake. Mfukoni, maganda ya lozi.