Nusu ya Ramani

Asubuhi ya kwanza Baku
upepo ulinipokea mlangoni mwa hoteli
kama mdai aliyelala kibarazani:
ukanishika kola, ukanigeuza,
ukaniuliza kwa mayowe swali
ambalo lugha yake siijui.

"Khazri," alisema Rövşən, kijana wa mapokezi,
tai yake imebanwa kwa pini mbili.
Mimi nikasikia "hadhari",
nikaitika: ndiyo, nitakuwa nayo.

Sikuwa nayo.

Kwenye kona ya pili nilifungua ramani
kwa mikono miwili, kifua mbele, kitalii kabisa.
Ikatuna, ikalia praa,
ikachanika katikati.
Nusu moja ilipaa juu ya mabasi mekundu
pamoja na makumbusho matatu niliyoyatia alama,
na soko la mazulia, na hoteli yangu.
Nusu iliyobaki mkononi
ilikuwa bahari tu.
Buluu, na jina: Kaspi.

Basi nikaenda baharini. Ningefanyaje?

Bahari ile, pale mjini, haina mchanga wa kukanyaga.
Ina ukuta na ngazi, na inanuka
kama gereji ya mjomba wangu Shebe.
Shakwe walipiga mbawa kwenda mbele
wakawa wanarudi nyuma.
Wanaume wawili walicheza kete kwenye benchi,
wameulalia ubao kwa viwiko
ushindi usije ukapeperuka.
Bibi harusi alikuwa anapigwa picha:
shela limeshikwa na shangazi watano,
wa sita amemshika bibi harusi mwenyewe.

Mnara wa Bikira niliuona kwa jicho moja,
la pili lilikuwa na vumbi.
Sitadanganya: ni mnene, hauyumbi.
Niliuegemea.
Hiyo ndiyo historia niliyojifunza.

Kisha, kwenye uchochoro wa mji wa kale,
mwanamke anapigana na mlango wa duka lake,
mgongo kwenye ubao, visigino kwenye mawe.
Sikuulizwa. Niliweka bega kando ya bega lake,
tukasukuma, tukahema, tukasukuma,
komeo likaingia,
kukawa kimya ghafla
hata nikaisikia saa ukutani.

"Saat," alisema, kuona ninapotazama.
"Saa," nikasema.
Akaniangalia upya.
Akainua daftari la madeni: "Kitab."
Kitabu.
Kipande kwenye beseni: "Sabun."
Sabuni!
Tukawa kama watoto waliookota funguo njiani
wanajaribu kila kufuli la mtaa.
Dunya, dunia. Chai, na chai.
Akanyoosha kidole nje, kunakovuma: "Hava."
Hewa, nikasema, na tukacheka,
kwa kuwa huko nje ilikuwa nyingi mno
kwa neno dogo namna hiyo.
Akajigusa kifua: Zümrüd.
Nikamwonyesha kijiwe cha pete yangu,
cha bandia, cha kununua mnadani,
lakini zumaridi.

Tulipofika kwenye upepo wenyewe, maneno yakaachana:
yeye "külək", mimi "upepo",
kila mmoja na wake, hakuna wa kukopeshana.
Tukanyamaza. Tukauma sukari, tukanywa
katika bilauri zenye kiuno.

Pesa hakupokea.
Nilisema "hoteli", na hilo nalo alilijua,
akaichukua nusu ya ramani yangu,
akautafuta mji, akaukosa,
akageuza, akaukosa tena,
akatoa kalamu nyuma ya sikio
na kuchora juu ya buluu:
duka, msikiti, ngazi kumi na moja,
kona yenye paka, mlango wangu.

Jioni nilirudi kichwa nimekiinamisha,
vumbi kwenye meno,
nikifuata njia za wino
katikati ya maji,
na pale alipochora paka
palikuwa na paka.