Kitanda cha Paleti

Usiku wa tatu tukasikia: kwr, kwr, kwr,
kitu kinatafuna ndani ya kitanda.
Mume wangu akasema panya.
Panya gani asiyeacha mavi?

Nilikinunua Kariobangi, kwa Ombati,
msonobari wa ng'ambo, paleti zilizobeba vigae.
Akapiga randa, vanishi mara mbili,
akaapa kwa mama yake: "Hii haina dudu."

Jumapili alfajiri ubao wa kichwani ukatoboka,
tundu mviringo kama la keekee,
unga ukamwagika kwenye mto.
Akatoka papasi, kichwa, kisha mzima:
nyigu mweusi wa kumetameta,
miguu kama chai ya strungi,
na nyuma msumari.

Msumari huo hauchomi mtu. Hutoboa mti,
hupenyeza yai, na pamoja na yai
ukungu wa kulainisha mbao,
ambao mama hutembea nao kibindoni
kama uji wa mwana.
Funza hula gizani mwaka, pengine miwili,
akishindilia unga nyuma yake, njia isirudike.
Akishaota mabawa, hali tena.
Huishi kwa mafuta ya utotoni.

Akajaribu mguu wa kitanda:
akainua mgongo, akasimika, akasukuma.
Mkavu.
Akajaribu mlango. Rangi.
Fremu ya dirisha: chuma.

Nikamfungulia.
Umoja nzima mbele yake, matangi ya maji,
nguzo za stima, kamba za nguo.

Ombati ameniletea kizibo na gundi.
Sijakipiga.
Mume wangu anakoroma,
na chini ya sikio langu, upande wa miguuni:
kwr.