Kesi ya Udongo

Bitama wa juu kamshitaki Gwassa wa chini:
"Udongo wangu umo shambani mwake.
Anavuna maharage kwenye kilima changu."

Kamati ya bonde ikaketi pale Munzeze, watu saba,
mimi katibu, daftari gotini, kalamu ya kuazima.
Tulitaka kucheka. Hatukucheka:
mizizi ya migomba ya Bitama iko nje
kama vidole vya aliyezikwa vibaya.

Gwassa akajibu, "Mshitaki mvua.
Na mwingine haukusimama hata kwangu,
kauulize Malagarasi."

Mama Nyabenda, mwenyekiti, hakuhukumu.
Alifunga miti mitatu mfano wa herufi A,
akaning'iniza jiwe kwa kamba ya katani,
tukalifuata jiwe kilimani, kigingi kwa kigingi.
Jiwe halijui mpaka wa mtu:
likapita migombani mwa Bitama,
likakata, nakiri, shamba la katibu,
pale pale penye mihogo iliyokomaa.
Niling'oa. Nikaandika pia kwamba niling'oa kwa kununa.

Siku tisa za jembe. Matete ukingoni.

Jana usiku ikanyesha ile ya kubomoa.
Alfajiri niliwakuta wawili wale mtaroni,
maji mekundu yametulia
kama mgeni aliyepewa kiti.
Hawakusemezana.
Bitama alichota tope kwa koleo, akalirudisha juu.
Gwassa akasogeza mguu kumpisha.

Daftarini nimeandika: kesi haijafungwa.
Machi bado.